Mawazo hayamkondeshi kila mtu

Kwetu mtu akikonda anaulizwa ana mawazo gani. Akinenepa anaambiwa amenawiri, raha zimemkubali. Kwa hiyo binti wa kidato cha nne ambaye mtihani wa majaribio umemwendea vibaya, anayejifungia chumbani na chipsi mayai na soda, kisha usiku akanyatia mandazi ya asubuhi, nyumbani anaonekana mlafi tu. Novemba inakaribia, na hakuna anayemuuliza lolote.

Wanaomtetea wana hoja nzito. Hofu ya ghafla huua hamu ya kula, ila msongo ukidumu wiki na miezi, homoni ya kotisoli hubaki juu na hamu hurudi kwa kishindo, hasa ya sukari na mafuta. Mwaka 2003 Mary Dallman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, wakitegemea sana majaribio ya panya, walipendekeza kwamba vyakula vya aina hiyo hupoza mfumo wa mwili unaoendesha msongo. Ikiwa ni hivyo, binti huyu hajakosa adabu. Anajitibu kwa dawa anayoimudu.

Je, dawa yenyewe inafanya kazi? Mwaka 2014 watafiti akiwemo Traci Mann wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliwaonyesha wanafunzi wa chuo filamu za kuhuzunisha. Waliopewa chakula chao cha kujifariji, waliopewa kingine na wasiopewa kitu, wote huzuni iliwatoka karibu sawasawa. Huenda tunakisifu chakula kwa kazi iliyofanywa na muda. Hata hivyo, huzuni ya filamu ni ya dakika chache. Haiwezi kulinganishwa na mwaka mzima wa kusubiri mtihani unaoamua kidato cha tano.

Mimi naegemea kwa binti, lakini si kwa wanaosema aachwe tu ale. Msibani tunakula pamoja na pilau inatufariji, kwa sababu watu wapo. Chakula cha kujificha ni kingine. Asubuhi aibu humfanya ashinde na njaa ili afidie, na jioni njaa hiyo inakutana na mawazo yaleyale, anakula kuliko jana. Mzazi anayefunga kabati, au kaka anayemwita bonge mbele ya wageni, anaongeza aibu ileile inayouendesha mzunguko huu.

Tena si kila ulaji wa jioni ni wa mawazo. Mtoto anayetoka nyumbani alfajiri kwa chai kavu na kurudi jua likizama ana njaa ya kweli, na uji mzito asubuhi utamsaidia kuliko hotuba. Ila anayekula haraka hadi tumbo linauma, anashindwa kuacha hata akitaka, au anajitapisha baadaye, huyo apelekwe hospitali, tena bila kukaripiwa njiani.