Maiti wa nyumbani, aoshwe na nani?

Katika nyumba nyingi za Waislamu wa pwani, mtu akifariki anaitwa mwosha maiti, na wafiwa wanakaa kungoja. Mtindo huu una hoja nzito. Tumbo lisipokamuliwa taratibu kabla ya josho la kwanza, uchafu hutoka maiti akishavikwa sanda. Maji yakiwa ya moto badala ya vuguvugu, ngozi huchunika. Na aliyepasuliwa hospitali si wa kujifunzia.

Wa upande wa pili, wanaotaka maiti aoshwe na jamaa zake, wanakumbusha kwamba Abubakar, khalifa wa kwanza, aliusia aoshwe na mkewe, Asma binti Umays, na akaoshwa naye. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa sana pwani, yanaruhusu mume na mke kuoshana. Wanaongeza suala la stara: siri ya mwili wa mama heri aione bintiye kuliko mgeni.

Ila ubishi wote huu unairuka saa ya kwanza, ambayo ni ya wafiwa watake wasitake. Kope na taya huanza kukakamaa ndani ya muda wa saa mbili hadi nne, na mwosha huenda bado yuko njiani. Kifo kikishathibitishwa, fumba macho. Chukua kitambaa kipana kiasi cha vidole vinne, kipitishe chini ya kidevu, ukifunge utosini. Kunja viwiko na magoti kisha yanyooshe, mara mbili tatu, ili viungo vilainike. Vua nguo, funika kwa shuka nyepesi. Blanketi linahifadhi joto, na joto huharakisha kuharibika. Yasipofanywa haya mapema, mdomo hubaki wazi, na mwosha hodari atafika asiweze kuufumba bila kuulazimisha.

Josho lenyewe ni la watu wanne: wawili wa kugeuza, mmoja wa kumwaga maji, na mwosha mwenye kitambaa mkononi, akikipitisha chini ya shuka ya stara. Kitanda kiinuliwe upande wa kichwa ili maji yateremkie miguuni, yaingie kwenye ufuo, yaani shimo la kupokea maji ya josho. Baada ya kusafishwa uchafu, maiti hutawadhishwa, kisha kichwa, ubavu wa kulia, wa kushoto. Maji ya mkunazi kwanza. Mara tatu, au tano ikibidi. La mwisho maji safi yenye karafuu maiti kidogo. Hapo mwana anayo nafasi bila kumpokonya mwosha kazi: ashike kata ya kumwagia maji. Ujuzi wenyewe umepita hivyo siku zote, kwa kumwagia mwenye kujua.

Kuna mahali mjadala unakoma. Aliyekufa kwa Ebola haguswi kabisa. Mashariki ya Kongo na Uganda, kuosha kwa mikono kumewahi kupeleka ugonjwa kwa wafiwa. Hao ni wa timu ya afya. Wa kipindupindu naye asikamuliwe tumbo, maana humo ndimo vimelea vilimojaa. Maofisa wa afya waitwe kwanza, watoe maelekezo ya dawa na glovu.