Kisiwa cha Wrangel: tumlaumu nani, barafu au Stefansson?

Kisiwa cha Wrangel kiko katika bahari ya Aktiki, kilomita zipatazo 140 kaskazini mwa pwani ya Siberia. Mwaka 1921 mvumbuzi Vilhjalmur Stefansson aliwapeleka huko vijana wanne kupandisha bendera ya Uingereza, yeye mwenyewe akabaki nyuma. Aliwapa chakula cha miezi sita hivi. Kilichopungua wangewinda, kwa kuwa, alivyosema, Aktiki ni rafiki wa anayeijua.

Vijana wote wanne walikufa, na watetezi wake wanaosema si yeye wa kulaumiwa wana hoja nzito. Alikuwa ameishi miaka mingi kwenye barafu kwa nyama ya sili na dubu, tena alijifunza kwa Wainuiti wenyewe, wenyeji wa Aktiki. Fred Maurer, mmoja wa wale vijana, aliwahi kunusurika kisiwani hapo hapo mwaka 1914, baada ya meli ya Karluk kuzama. Na meli ya msaada ya 1922 ilizuiwa na barafu.

Nayakubali yote hayo, lakini kuna jambo siwezi kulipita. Mpango ulitegemea familia za Wainuiti, wawindaji na washonaji wa nguo za manyoya. Siku ya safari zilijitoa, akabaki Ada Blackjack peke yake, fundi cherehani aliyehitaji pesa za kumtibu mwanawe kifua kikuu. Amelelewa mjini Nome, Alaska, kwa wamisionari. Kuwinda hajui, na dubu anawaogopa mno. Ujuzi ambao hoja nzima iliuegemea ulibaki bandarini, na safari ikaendelea vilevile.

Januari 1923 njaa ilipobana, watatu walitembea juu ya barafu kwenda Siberia kutafuta msaada. Hawakuonekana tena. Ada akabaki na Lorne Knight, aliyelala na kiseyeye. Kila siku alizungukia mitego ya mbweha, akirudi kumlisha mgonjwa ambaye mara nyingi alimlipa matusi. Knight alifariki Juni. Ada akajifundisha kulenga bunduki, akajenga jukwaa juu ya hema ili awaone dubu wangali mbali, akashona mashua ya turubai. Meli ilipofika Agosti, ilimkuta hai, yeye na paka wao Vic.

Wapo wanaosema uhai wake unathibitisha maneno ya Stefansson. Mimi naona unamhukumu: aliyeokoka alijifunza akiwa tayari ndani ya njaa, bila mwalimu. Bendera nayo haikudumu, maana mwaka 1924 meli ya Kisovieti iliwaondoa walowezi waliokuja kisiwani baada yao. Ada alitumia ujira wake kumpeleka mwanawe Seattle kutibiwa.