Msiyahesabu makanisa haya kwa vichwa
Mwandishi mmoja gazetini anauliza kuna faida gani kukarabati makanisa ya vijijini Uingereza wakati Jumapili wanaingia wazee wachache tu. Namwomba afike Eyam, kule Derbyshire, kwenye kanisa la Mtakatifu Lawrence. Tauni iliingia kijijini hapo mwaka 1665, inasemekana kwa vitambaa vilivyotoka London. Mchungaji William Mompesson, akisaidiwa na mtangulizi wake Thomas Stanley, aliwasihi watu wasikimbie, wasije wakaambukiza vijiji jirani. Wakakubali! Ibada zikahamia nje, bondeni. Mke wa mchungaji, Catherine, alifariki Agosti 1666 na kaburi lake liko hapo hapo kwenye uwanja wa kanisa. Mwanakijiji mwingine, Elizabeth Hancock, alizika mume na watoto sita ndani ya siku nane, kwa mikono yake.

Mpakani mwa kijiji kuna jiwe lenye vitundu. Humo walitia siki, wakiamini inazuia maambukizi, wakatumbukiza sarafu za kulipia chakula walicholetewa na majirani. Nilitia kidole kwenye kitundu kimoja, kingo zimelainika kabisa, machozi yakanilengalenga.

Tukilifunga kanisa kama hilo, hawa watakumbukwa wapi? Kila Jumapili ya mwisho ya Agosti watu bado wanakusanyika kule bondeni kuwakumbuka.