Wakili Msomi wa Masurufu

Najua mmeshaisikia. Mshenga wangu amerusha ile sauti ya dakika nne kuhusu posa yangu kwenye makundi yote, hadi lile la jumuiya, na tangu Jumapili napokea "msomi, nina kesi" kutoka kwa watu ambao mimi ndiye ninayewadai. Basi nasimulia mwenyewe, maana katika simulizi yake yeye hayumo kabisa. Anacheka kama vile mdomo uliotamka neno "wakili" ulikuwa wangu.

Kibosho, kwa Wachagga, Jumamosi, tumepeleka posa. Kabla hatujashuka kwenye gari mshenga akaniuliza, "Hivi kazi yako tunaisemaje?" Nikamjibu: mhasibu, tena nina CPA, ile ya Bodi ya Wahasibu. Akanitazama kama nimemwambia nina kikohozi cha mwezi wa tatu. "Mhasibu watadhani unakaa dirishani kugawa posho."

Iliniuma kwa sababu ni kweli. CPA nimeisotea jamani. Mitihani ya Bodi ni Mei na Novemba, na kuna Mei na Novemba zangu ambazo sipendi zitajwe mbele za watu. Nani alijua? Hakuna. Lakini mwaka 2022 matokeo ya Shule ya Sheria, wanakopikwa mawakili, yalipotoka, wanafunzi 633, waliopita moja kwa moja 26, nchi nzima ikashika kichwa na waziri akaunda kamati. Yaani wenzetu hata kufeli wanafeli kwa heshima. Sisi tukifeli tunaambiwa tulikuwa baa.

Halafu wakili akiingia mahakamani hata anayepingana naye anamwita msomi mwenzangu. Mimi ofisini naitwa "yule wa vocha". Napendwa siku moja kwa mwezi, siku ya mshahara, na mapenzi yenyewe yanaisha saa nne asubuhi. Siku zilizobaki mimi ni yule anayeuliza risiti ya EFD iko wapi na masurufu ya safari ya Dodoma yatarejeshwa lini. (Wewe wa Manunuzi, unajijua. Bado nasubiri.)

Kwa hiyo mshenga aliposimama mbele ya wazee, akakohoa, akasema "kijana wetu ni wakili msomi", nilikuwa na sekunde mbili za kukanusha. Nikazitumia kurekebisha tai.

Na siwaongopei, dunia ilibadilika. Nilikuwa nimekalia benchi na vijana waliobeba kreti za soda. Shangazi mtu akainuka, akaniletea kiti cha kuegemea. Bakuli la mtori likaja na nyama ambayo kwenye mabakuli ya wenzangu haikuwepo. Kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ikawa haifiki nusu kabla haijajazwa. Kila mzee akisema jambo, ananigeukia aone kama nimekubali. Nami nakubali, kwa kichwa tu, taratibu, kama mtu anayelipwa kwa saa.

Sikuona kilichokuwa kinaendelea upande wa pili wa meza. Kwenye karatasi ya mahari, pipa moja la mbege lilikuwa mapipa mawili. Mbuzi walizaana palepale bila hata kuletwa. Blanketi la bibi likapata mwenzake. Mimi ambaye kazi yangu, mkate wangu, ni kushtuka namba zikipanda bila maelezo, nilikuwa natabasamu.

Hapo baba mkwe akaweka kata chini. "Sasa wakili, maadamu umeshakuwa mtoto wa nyumba hii, kuna jambo linanikosesha usingizi."

Kuanzia hapa twende polepole, maana mimi mwenyewe kila usiku narudia hapa.

Mzee akaeleza. Jirani amemla kihamba, shamba la ukoo. Mwaka 2016 aling'oa masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, akayapanda upya hatua nne ndani ya migomba ya mzee. "Ya zamani yamebaki matatu tu," akasema, "na hayo matatu ndiyo ushahidi wangu. Sheria inasemaje?"

Kimya. Jogoo mmoja nje. Watu kama ishirini wananitazama, na kule jikoni naona pazia limesogea, najua ni mwenyewe mchumba, ambaye anajua vizuri kabisa kwamba mimi natengeneza ritani za VAT. Nikakunja mguu juu ya mguu. Kichwani natafuta sheria, sheria yoyote, na kichwa kinaniletea sheria pekee kinachoijua.

"Mzee," nikasema, "tatizo ni muda. Imeshapita miaka mitano."

Pembeni, karibu na redio, kulikuwa na babu mmoja mwenye kofia ya sufu. Tangu tuingie hakuwa amesema neno. Alitambulishwa kama babu mdogo wa binti, basi. Akainua kichwa. "Mitano?" akauliza kwa upole. "Mimi nilizoea kudai ardhi ni miaka 12."

Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikasema, "Inategemea, babu." Inategemea! Halafu, kwa kuwa kimya kilikuwa kinaniunguza, nikaongeza kwamba hata hivyo tusikate tamaa, Jumatatu twende Baraza la Kata likatoe hukumu.

Babu akatabasamu. Akainua kata yake ya mbege, akaitazama. "Mwanangu, tangu 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu, halihukumu. Kata iliyobaki na uwezo wa kumwangusha mtu ni hii."

Wazee wakacheka. Nikacheka na mimi, kwa sauti kuliko wote. Jasho limeshafika kiunoni. Mshenga anaangalia dari, na dari ile haikuwa na kitu.

"Lakini si neno," babu akaendelea. "Usuluhishi unaujua?"

Jamani. Usuluhishi! Neno langu! Nilijisikia kama mtu anayezama aliyeona mtumbwi wa kwao. Nikajiweka sawa kwenye kiti cha kuegemea, kifua mbele.

"Babu, usuluhishi ndiyo kazi yangu. Nafanya kila mwisho wa mwezi."

"Kila mwisho wa mwezi?"

"Bila kukosa."

"Kati ya nani na nani?"

Nafsi yangu iliona shimo. Iliniambia nyamaza. Lakini mdomo ulishakuwa umezoea kuheshimiwa.

"Kati ya daftari la fedha na benki."

Sijui kimya kile kilidumu muda gani. Nakumbuka kijiko kikianguka jikoni, halafu kicheko cha mama mkwe, kile cha kuziba mdomo na khanga kikatokea puani. Babu akavua kofia, akaipanga magotini. "Miaka mitano," akasema polepole, kama anayesoma, "ni muda wa kutunza vitabu vya kodi vya TRA. Huyu kijana ni mhasibu." Ndipo shangazi akaninong'oneza, sasa, baada ya yote, kwamba babu ni hakimu mstaafu. Na babu akaongeza kwa upole uleule kwamba kujifanya wakili ni kosa, Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, lakini kwa kuwa leo amekunywa, hajasikia.

Mengine yalienda haraka. Mshenga akanivuta sikio: huku ukikosea unaleta jani la isale, unaomba msamaha, wanasamehe, ndiyo desturi. Ushauri mzuri. Hakusema lichumwe wapi. Nikatoka mbio, nikaona masale pembeni ya migomba, nikavuta moja kwa nguvu za aibu, likaja lote na mizizi. Mzee mmoja ng'ambo ya migomba akanisalimia kwa furaha ambayo sikuielewa, simu mkononi. Nikarudi, nikapiga magoti, nikalitoa kwa mikono miwili, udongo unadondoka kwenye kapeti.

Baba mkwe akalitazama. "Umelitoa wapi?"

"Hapo mpakani, baba. Yalikuwa matatu."

Hakimu akajifunika uso kwa kofia. Kutoka ndani ya kofia nikasikia, "Basi na wewe ni mdaiwa wa pili."

Isale nimelirudisha kwa mikono yangu, na shati la posa, jirani akipiga picha. Nimesamehewa, binti nimepewa. Lakini mahari imebaki ileile ya wakili, na mbuzi mmoja wa mpaka juu yake. Jana nikampigia babu kumwomba, kwa heshima zote, wairekebishe iendane na mshahara wa mhasibu. Akacheka mpaka akakohoa.

"Rufaa ni ndani ya siku 45," akasema. "Tafuta wakili."