Harufu ya Ngozi Iliyochanika

Mwaka 1938 mwanasayansi wa Austria, Karl von Frisch, alieleza jambo lililomshangaza. Alimrudisha samaki mdogo aliyejeruhiwa kwa wenzake, na punde kundi zima likatimka, ilhali hapakuwa na adui. Hata maji yaliyolowekwa ngozi peke yake yaliwatia hofu. Kitu hicho, ambacho samaki hukinusa majini, akakiita kwa Kijerumani Schreckstoff, yaani kitu cha kutisha.

Wengi husema samaki "huonyana". Mimi neno hilo silikubali. Katika ukoo wa samaki hao, wakiwemo kambare, ngozi ina seli zisizo na tundu la kumwaga kilichomo. Hupasuka ngozi inapochanika, basi. Samaki mwenye hofu tu hawezi kuitoa harufu hiyo hata akitaka. Lazima awe ameshang'atwa. Ndiyo maana wenzake hawaipuuzi: hubanana, huzama chini, huganda kimya.

Na hujifunza haraka ajabu. Kuna samaki wadogo wa Amerika Kaskazini ambao, wakiwa hawajawahi kukutana na paiki, samaki mkubwa anayewala, huwa hawaijui harufu yake kuwa ni ya adui. Wakiipata mara moja tu pamoja na harufu ya ngozi iliyochanika, tangu hapo harufu ya paiki peke yake huwatosha kujificha.

Sasa kinachoniuma. Tunapopima maji ya mto, aghalabu tunauliza: je, samaki watakufa? Wasipokufa, tunaridhika. Lakini shaba inayotoka kwenye breki za magari na kukokotwa na mvua hadi mtoni, hata ikiwa kidogo isiyoua, huziba pua ya samaki. Samoni wachanga waliowekwa kwenye maji ya namna hiyo waliendelea kuogelea harufu ya ngozi ilipowafikia, nao wakaliwa kwa urahisi kuliko wenzao. Maji yakiwa na tindikali kidogo tu, harufu yenyewe hupoteza nguvu.

Naona ni kosa kubwa kuyaita maji hayo salama. Mkague samoni huyo: mapezi mazima, magamba yanang'aa, anakula vizuri. Mita chache kuelekea juu ya mto mwenzake ameshang'atwa, maji yanaileta habari hadi puani pake, naye anaendelea kuelea palepale peupe.