Fedha ya Bwana, Duka la Bwana: Noti za Visiwa vya Cocos

Noti za kale za Visiwa vya Cocos husifiwa sana na wakusanyaji kwa uzuri na uhaba wake. Zilitengenezwa kwa ngozi ya kondoo, thamani yake ikaandikwa kwa rupia. Mimi nataka tuzitazame kwa jicho la mtu aliyelipwa mshahara kwa noti hizo.

Cocos, au Keeling, ni visiwa 27 vya matumbawe katika Bahari ya Hindi, na nchi kavu yake yote haifiki kilomita za mraba 15. Alexander Hare alipeleka watu huko mwaka 1826, wengi wao Wamalai, wakiwemo watumwa wake. Mwaka uliofuata akahamia Mskoti John Clunies-Ross na familia yake, na ukoo huo ndio ulioshika visiwa. Kazi ilikuwa moja tu: kukusanya nazi, kuzifua na kukausha mbata ya kuuza ng'ambo. Charles Darwin alipopita hapo Aprili 1836, aliandika kwamba Wamalai wale walikuwa huru kwa jina, lakini kwa mambo mengi walihesabiwa kama watumwa. Miaka 50 baadaye, mwaka 1886, Malkia Victoria akaukabidhi ukoo huo ardhi ya visiwa daima dumu.

Mwenye shamba akawa pia mwenye fedha. Noti za ngozi zilifuatiwa na vipande vya plastiki, navyo vikihesabiwa kwa rupia na senti. Mtu alifua nazi za bwana, akalipwa fedha ya bwana, akaenda kununua mchele kwenye duka la bwana. Akitaka kuondoka, akiba yake haikuwa na kazi katika bandari yoyote duniani.

Watetezi husema visiwa vilikuwa mbali, sarafu zilikuwa adimu, na ukoo ulitoa nyumba na matibabu. Hoja ya umbali naielewa, wala sipingi kila fedha ya kampuni. Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilitoa rupia yake ya Mombasa mwaka 1888, lakini ile ilikuwa ya madini ya fedha, sawa kwa uzito na rupia ya India. Aliyekuwa nayo mfukoni alikuwa na mali, hata kampuni ikifa kesho yake. Ya Cocos ilitegemea ridhaa ya mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliyekuwa mwajiri, muuza duka na mwenye ardhi. Hapo ndipo ninapokataa kabisa kuiita mshahara.

Tena Uingereza yenyewe ilijua ubaya huu. Sheria ya mwaka 1831 ilikataza waajiri wa viwandani na migodini kule kwao kuwalipa wafanyakazi kwa bidhaa badala ya sarafu halali, kwa sababu maduka ya waajiri yalikuwa yakiwanyonya. Kilichokuwa dhuluma kwa mchimba makaa wa Kiingereza kikaachwa kiendelee kwa mfua nazi wa Kimalai.

Linaloniumiza zaidi ni muda. Mwaka 1955 visiwa vilihamishiwa Australia, nchi yenye vyama vya wafanyakazi vyenye nguvu, na bado vipande vile havikutoweka. Mwaka 1968 vilitengenezwa vipya. Huo ni wakati ambao Tanzania na Kenya zilikwisha kuwa na shilingi zao!

Hatimaye mwaka 1978 serikali ya Australia ilinunua karibu ardhi yote kwa dola milioni 6.25. Ukoo ulilipwa kwa dola za Australia, fedha ya kutumika popote. Aprili 1984, mbele ya waangalizi wa Umoja wa Mataifa, wakazi walipewa njia tatu: kujitawala, kushirikiana kwa hiari na Australia, au kuungana nayo moja kwa moja. Wengi mno walichagua kuungana, na baada ya vizazi vyote vile chini ya bwana mmoja, sioni kwa nini wangechagua vingine.