Ng'ombe wa Kali

Nchini Poland, mwanasiasa akimlaani mpinzani wake kwa jambo analolifanya yeye mwenyewe, huambiwa ana "maadili ya Kali". Kali ni kijana Mwafrika katika riwaya ya watoto ya Henryk Sienkiewicz, W pustyni i w puszczy, yaani "Jangwani na nyikani", iliyotoka mwaka 1911. Staś, mvulana wa Kipolandi mwenye miaka 14, anamuuliza tendo baya ni lipi. Kali anatafakari, kisha anajibu: mtu kuchukua ng'ombe wa Kali, hilo baya, Kali kuchukua ng'ombe wa mtu, hilo zuri.

Mswahili akilisikia jibu hilo, methali inamjia mdomoni kabla hajamaliza kusoma: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Tunamsutia nayo mtu wa aina hiyohiyo tangu enzi za mababu. Maadili ambayo Wapolandi wameyapa jina la kijana wa Kiafrika yana methali yake ya kuyakemea huku huku Afrika.

Vizazi kadhaa vya watoto wa Poland vimeisoma riwaya hii shuleni, na ubishi juu yake umekuwa mkali: iendelee kufundishwa, au iwekwe kando kwa namna inavyowachora Waafrika?

Wanaoitetea wana hoja nzito, nami sitaki kuipita mbio. Sienkiewicz, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1905, aliandika wakati nchi yake haikuwepo kwenye ramani. Urusi, Prussia na Austria zilikuwa zimemaliza kuigawana mwaka 1795. Mwaka 1901, katika mji wa Września uliokuwa chini ya Prussia, watoto walichapwa viboko kwa sababu walikataa kufundishwa dini kwa Kijerumani. Sienkiewicz alipinga hadharani, na mwaka 1906 akamwandikia barua ya wazi Kaisari Wilhelm II. Kwa watetezi wake, kumwita mtu kama huyo kibaraka wa ukoloni ni kumwonea. Wanaongeza kwamba Kali ni jasiri na mwaminifu, kwamba bila yeye Staś na Nel, msichana anayesafiri naye, wasingefika salama, na kwamba mwishowe anakuwa mtawala wa watu wake. Tena ni Kiswahili kinachowakutanisha: mwandishi anakitaja kwa jina, "ki-swahili", na watoto wengi wa Poland walilisikia jina la lugha yetu kwa mara ya kwanza katika kurasa hizo.

Hayo yote ni kweli. Lakini Września hiyohiyo ndiyo inayonifanya nisitulie.

Mwaka 1891 Sienkiewicz alifika Unguja, akavuka hadi Bagamoyo, akaanza safari ya bara, homa ikamrudisha. Bagamoyo aliyoiona ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, mwaka mmoja na ushei tu baada ya Abushiri, aliyeongoza upinzani wa pwani dhidi yao, kunyongwa Pangani, Desemba 1889. Kaisari aliyekuwa juu ya walimu wa Września ndiye aliyekuwa juu ya maofisa wa Bagamoyo. Mwandishi aliyejua uchungu wa mtoto kunyang'anywa lugha yake alikuwa na kila sababu ya kuusikia uchungu huo pwani yetu. Miaka 20 baadaye akamwandika Kali, na ulimi aliompa ni wa namna hii: "Kali jeść, Kali pić." Kali kula, Kali kunywa. Hakuna mimi, hakuna jana wala kesho.

Watetezi husema huyo ni kijana anayejikongoja katika lugha ya kigeni, na kila mgeni huanza hivyo. Ningekubali, kama Kali anayebaki kichwani mwa msomaji wa Kipolandi angekuwa yule anayezungumza kwa ufasaha wake. Anayejua Kiswahili anajua neno moja linabeba nini: "nilikuwa nimeshamwambia" ni maneno mawili tu, na ndani yake yupo msemaji, yupo aliyeambiwa, na zimo nyakati mbili. Mtu aliyekulia katika lugha za namna hiyo hawazi kwa "kula" na "kunywa". Mbele ya Staś, riwaya inamwacha katika vitenzi vitupu, na Kipolandi cha mitaani kikaigeuza "Kali kula" kuwa kichekesho cha kumwigizia mtu asiyejua kusema.

Neno lingine lililosafiri ni "Mzimu". Katika riwaya, wenyeji wanamsujudia Nel, msichana wa Kiingereza mwenye miaka minane, kama "Mzimu mwema". Kwetu mzimu ni roho ya marehemu, na ni mahali pa kutambikia. Hakuna bibi wa pwani angemwita hivyo mtoto aliye hai. Angelihesabu kuwa kisirani.

Poland ina njia nyingine za kukutana nasi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliishi Tengeru karibu na Arusha, na makaburi yao yapo hadi leo. Rajmund Ohly, msomi wa Kipolandi, alitoa Dar es Salaam mwaka 1981 kitabu kizima kuhusu nathari ya Kiswahili ya miaka ya 1970. Huyo alitusoma tukisema kwa sentensi kamili.

Kwa hiyo mimi siungi mkono riwaya iondolewe. Isomwe, lakini mwalimu wa Warsaw au Kraków siku hiyo aandike ubaoni jibu la Kali kama angelisema mwenyewe: "Mtu akichukua ng'ombe wangu, hilo ni baya. Nikichukua ng'ombe wake, hilo ni zuri." Kisha awaulize wanafunzi ni nani aliyesema maneno hayo mwaka 1795, na ni nani aliyeyarudia Berlin mwaka 1885.